Alikuwa na Kiberiti Mkononi, na Kengele ya Gesi Ilikuwa Ganda Tupu

"Dada, usimwache awashe kiberiti."

Sauti iliingia kwenye hedifoni yangu polepole, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa.

Hatua kumi mbele yangu, ndani ya jiko la vioo tulilolijenga jukwaani, Mama Mdogo alikuwa anafuta meza huku akiimba. Watu mia nne walikuwa wanamtazama gizani. Kiberiti kilikuwa mfukoni mwa aproni yake.

"Kengele iliyoko hapo jukwaani haina kitu ndani," sauti iliendelea. "Ni ganda tupu. Ya kweli nimeishika mkononi. Nimeikuta kwenye begi la Bosi."

Nikanong'ona kwamba hata kama ni hivyo hakuna neno, kwa sababu mtungi wenyewe wa gesi ni mtupu.

Akanikatiza.

"Hapana, dada. Mtungi niliubadilisha mimi asubuhi. Umejaa."

Jamani, mimi sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kusikia baridi kwenye meno. Siku ile nilisikia.

Tulieni niwaeleze tangu mwanzo, maana nimekaa na jambo hili miezi mitano na usingizi wangu haujarudi sawasawa.

Kazi yangu ni kuandaa uzinduzi wa bidhaa. Zamani nilikuwa kwenye filamu, nikipanga nani aingie lini na taa imwangukie wapi. Kazi za filamu zilipokauka nikahamia huku, na nikaja na ujuzi wangu wote. Wenzangu wanaweka meza, utepe wa kukata na hotuba nne. Mimi nasimulia hadithi. Nazima taa zote, naanza na sauti kabla hujaona kitu, nakuwekea mikono ya mtu kwenye skrini kubwa hadi uone kucha zake. Mpaka bidhaa inatokea, wewe mwenyewe umeshaanza kuiombea dua.

Na nilikuwa hodari, sitaki kujificha. Watu walikuwa wakitoka kwenye uzinduzi wa pasi ya umeme wanafuta machozi.

Bosi akanitafuta. Kampuni yake ilikuwa imetengeneza kengele ya gesi, kiboksi cheupe cha ukubwa wa sabuni ya kufulia. Unakifunga chini karibu na mtungi, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito na hulala chini. Ikivuja kidogo tu, kiboksi kinalia na kinafunga gesi chenyewe. Taa yake nyekundu inageuka kijani, maana yake uko salama.

Aliyekibuni alikuwa fundi mmoja mpole ambaye wafanyakazi wote walimwita Taratibu. Huyo bwana hata akigongwa na nyundo kidoleni, "aah" yake inachelewa kutoka. Miaka minne alikuwa ameiweka kwenye kile kiboksi.

Bosi alitaka hotuba. Nikamwambia wageni watalala. Nikamwomba dakika kumi na mbili na jiko.

Hadithi yangu ilikuwa hivi. Mama anamsubiri binti yake aliyeondoka nyumbani kwa hasira miaka sita iliyopita. Leo binti anarudi. Mama anafungua koki ya mtungi apike, simu inaita, ni binti yuko njiani, na furaha inamsahaulisha jiko. Watazamaji wanasikia gesi inavuma. Yeye hajui. Anaimba, anatandika meza, anakwenda na kurudi...

Hapo ndipo penye utamu wa kutisha watu, wapendwa. Mwache mtazamaji ajue kitu ambacho mhusika hakijui, halafu usiwe na haraka.

Kisha kengele inalia, taa inakuwa kijani, mama anashika kifua. Mwishoni anatoa kiberiti, anawasha mshumaa mezani, hodi inabishwa mlangoni, giza. Watu wanasimama.

Kwa makubaliano yetu hapakuwa na gesi kabisa. Mtungi mtupu, na ule mvumo ulitoka kwenye spika. Taratibu angejificha nyuma ya ukuta na kukipulizia kiboksi chake gesi kidogo ya kujazia viberiti kupitia kimrija, nacho kilie chenyewe kwa haki yake.

Kwa nafasi ya mama nilimchukua Mama Mdogo, mdogo wake mama yangu, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Ameigiza michezo ya redio na ya jukwaani zaidi ya miaka thelathini. Ukimpa nafasi, haachi uhusika hata nyumba iungue.

Na kuna jambo moja ambalo familia yetu tu ndiyo tulilijua. Miaka mitatu iliyopita aliugua homa ndefu, akapona, lakini pua haikupona. Hasikii harufu yoyote. Chungu kinaungua yuko hapo hapo anasoma gazeti. Yeye hufanya utani, anasema pua yake imestaafu kabla yake. Nilipomweleza kuhusu kile kiboksi alikubali kabla sijamaliza sentensi, akaniambia hiyo ni kazi ya watu kama yeye.

Sasa turudi gizani.

Nilikuwa pembeni ya jukwaa, nyuma ya pazia, kwenye meza yangu ya mitambo. Saa nne na nusu asubuhi, jua kali nje, lakini ndani kulikuwa giza la kaburi kwa sababu mimi mwenyewe niliagiza madirisha yafunikwe vitambaa vyeusi na milango ifungwe kwa funguo. Sikutaka mwanga wa mtu mmoja aliyechelewa uniharibie filamu yangu.

Sauti ile kwenye hedifoni ilikuwa ya Taratibu, naye alikuwa jengo la pili, ng'ambo ya maegesho. Kumbe Bosi alimwambia asihangaike na kimrija siku hiyo, akamtuma akachukue vipeperushi kwenye begi lake. Humo ndani akakuta kiboksi chake mwenyewe, kina mkwaruzo alioupiga kwa bisibisi siku ya kwanza, akajua kilichoko jukwaani ni ganda.

Wazo lililonijia kwanza, naona aibu kulisema, ni kwamba Taratibu ananiharibia. Tulikuwa tumenuniana wiki nzima. Alikuwa ameniambia hapendi kifaa cha kweli kisimame ndani ya uongo. Labda ni wivu tu, nikajisemea.

Kengele ikalia.

Ukumbi mzima uliruka. Taa nyekundu ikawaka kwenye skrini kubwa, ikageuka kijani, watu wakashusha pumzi na kupiga makofi. Ilikuja sekunde ile ile niliyoitaka. Haijawahi kuja sawa hivyo kwenye mazoezi hata mara moja.

Kwa mwanga wa skrini nikamwona Bosi safu ya mbele. Mkono wake ulikuwa mfukoni mwa koti.

Rimoti.

Nikamwambia mtu wa sauti atoe mvumo wa gesi, maana kwa hadithi gesi ilikuwa imeshafungwa.

"Nimeshautoa," akanijibu.

Nikasikiliza. Mvumo ulikuwa bado upo.

Mwembamba, laini, haukatiki... Ulikuwa unaingia kupitia kinasa sauti kilichobandikwa kifuani mwa Mama Mdogo.

Nikainama mpaka sakafuni, uso nimeuelekeza upande wa lile jiko, nikavuta pumzi. Ile harufu ya kitu kilichooza ilinipiga usoni.

Ndugu yangu unayesoma hapa, utaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Hesabu na mimi. Watu mia nne. Milango mitatu iliyofungwa. Giza. Nikisema neno moja tu, gesi, watakanyagana. Na Mama Mdogo ana kiberiti mfukoni, akishtuka je? Kuzima umeme nako Taratibu alinikataza, akasema swichi zilizofungwa kwenye ukuta wa jiko lile zinaweza kutoa cheche, kwa hiyo taa zilizowaka ziachwe ziwake, nisiguse kitu. Nilimsikia anahema. Taratibu alikuwa anakimbia.

Nikawaambia walinzi wa milango, kwa sauti niliyoikaza isitetemeke, wafungue yote mitatu bila kelele na wasiulize. Mtu wa taa nikamwambia aondoe mikono yake mezani kabisa.

Mama Mdogo alikwenda kwenye dirisha, akaigiza kulifungua. Lilikuwa dirisha la kuchora. Akavuta pumzi ndefu ya raha, pua ikiwa juu, akatabasamu.

Sijui kama nitaisahau ile pumzi.

Kisha akageukia meza, akauweka mshumaa sawa, akaingiza mkono kwenye aproni.

Nilivua hedifoni. Nikavua na saa na kuacha simu mezani. Nikatembea mpaka kwenye mlango wa jiko, na jambo pekee lililonijia kichwani lilikuwa ile hadithi yangu mwenyewe.

"Hodi."

Hodi ilikuja mapema kuliko tulivyopanga. Lakini mtu aliyeigiza miaka thelathini hababaiki kwa kitu kidogo kama hicho.

"Nani huko?"

"Ni mimi, Mama. Nimerudi."

Nikaingia. Mlango nikauacha wazi nyuma yangu, nikauzuia kwa kiatu changu. Kwenye magoti kulikuwa na ubaridi, na harufu ilikuwa nzito kiasi cha kuitafuna. Macho yakaanza kunichoma. Nyuma yangu nilisikia watu wakiguna kwa huruma, wakidhani ni machozi.

Mama Mdogo alinitazama, nikaona furaha ya mwigizaji aliyepewa zawadi jukwaani. Alidhani nimeamua kumpa mwisho mzuri zaidi.

"Mwanangu," akasema, na sauti yake ilikatika kwa kweli. "Ngoja niwashe mshumaa nikutazame vizuri."

"Usiwashe, Mama. Nakuona hivi hivi."

Akacheka kidogo. Akafungua kiberiti.

"Miaka sita umeninyima uso wako, leo unaninyima na mwanga?"

Ukumbi ulicheka. Na yeye akatoa njiti moja, akaiegemeza ubavuni mwa kiberiti, huku ananitazama mimi usoni, akisubiri jibu langu kama mchezo unavyotaka.

Nilitaka kumrukia. Lakini kati yetu kulikuwa na meza, na kidole chake kilikuwa kimeshakaza. Nikijaribu tu, njiti itawaka.

Nikashusha sauti.

"Mama Mdogo."

Mkono ukasimama. Kwenye hadithi ile hapakuwa na Mama Mdogo. Palikuwa na Mama tu.

"Mama Mdogo, mimi nasikia harufu. Wewe husikii."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika bila kubadilika. Tabasamu lilibaki pale pale kwa ajili ya wageni. Macho ndiyo yaliondoka. Yalishuka kwenye mtungi, yakaenda kwenye kile kiboksi chenye taa ya kijani, yakarudi kwangu, na humo ndani nikaona hofu ambayo hata siku ya mazishi ya mama yangu hakunionyesha.

Akairudisha njiti ndani ya kiberiti. Polepole. Akakifunga, akanikabidhi kiganjani.

Kisha akainama, akaifunga koki ya mtungi kwa mikono miwili.

Mvumo ukakatika.

"Basi twende nje, mwanangu," akasema kwa sauti ile ile ya yule mama. "Humu ndani pamekuwa padogo kwetu wawili."

Akanishika mkono, tukatoka. Mkono wake ulikuwa umelowa.

Ukumbi ulilipuka... kwa makofi, namshukuru Mungu. Walisimama. Wengine walikuwa wanalia. Milango ilikuwa wazi, mwanga umeingia, na mimi nikajikaza nikawaambia kwamba hadithi yetu inamalizikia bustanini, watoke polepole, wasiwashe kitu chochote. Wakatoka wanacheka na kupongezana, kama watu wanaotoka harusini.

Mtu wa mwisho alipovuka mlango, nilirudi nyuma ya pazia kuhakikisha hakuna aliyebaki.

Taratibu alinikuta hapo. Shati limelowa, kile kiboksi chake amekikumbatia kama mtoto mchanga. Akaniomba msamaha kabla sijamuuliza. Alisema aliona uchungu kwamba kazi yake ya miaka minne inaonyeshwa kwa mvumo wa spika. Aliamini kiboksi chake kingeifunga gesi ile kabla haijajaa hata kikombe, na mimi ningeshangaa baadaye kujua kila kitu kilikuwa cha kweli. Kwa hiyo aliweka mtungi uliojaa, na mpira wake akaulegeza ili uvuje. Akarudia mara tatu kwamba hakujua kiboksi kimebadilishwa.

Nilimwamini. Na hasira yangu yote ikapata pa kwenda. Bosi!

Nilimkuta bustanini anapokea mikono ya watu. Nikamvuta pembeni, na sikumbuki yote niliyomwambia, ila nakumbuka neno muuaji lilikuwemo. Nikamuuliza ni mtu wa aina gani anayeweka ganda tupu mahali pa kengele, tena bila kumwambia mtu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipomweleza kuhusu mtungi, rangi ilimtoka akakaa kwenye ukingo wa maua. Alikuwa hajui. Na yeye pia alidhani hakuna gesi.

Kisha akatoa simu yake, akatafuta kitu, akabonyeza.

Ikatoka sauti yangu.

Ulikuwa ujumbe niliomtumia siku ya Alhamisi, baada ya mazoezi yaliyoharibika mara tano kwa sababu kengele ilikuwa inalia mapema au inachelewa. Nilikuwa nimechoka, nimeukasirikia ulimwengu mzima. Niliutuma nikiwa natembea, nikausahau kabla sijafika nyumbani.

"Bosi, nisikilize vizuri. Kitoe matumbo hicho kiboksi, weka taa na kengele tu, mtu akae na rimoti ailize ninapotaka mimi. Na huyo Taratibu usimwambie, atatusumbua na uaminifu wake. Mimi sihitaji kifaa kinachofanya kazi. Nahitaji kifaa kinachofuata hadithi."

Aliucheza mara moja tu. Ulinitosha.

Bosi akaniambia, bila ukali wowote, kwamba alidhani nimesema nikimaanisha. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa onyesho. Alifanya nilivyomwagiza, ila badala ya kukipasua cha kweli aliweka ganda lingine, na hakuniuliza tena kwa sababu nilikuwa nimeshamzoesha kwamba sipendi kuulizwa.

Wapendwa, nilimtafuta msaliti kuanzia asubuhi ile, nikampata kwenye simu ya mtu, anaongea kwa sauti yangu.

Wageni walikuwa wanasubiri mwisho wa hadithi. Wengine walikuwa wameshajipanga kwenye meza ya kuandikisha majina ya kununua ile kengele. Bosi alinisihi niache, tuwape vinywaji waende zao. Nilimtazama Mama Mdogo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, aproni bado kiunoni, anaangalia mikono yake.

Nikachukua kipaza sauti nikawaambia yote. Kengele waliyoisikia ilikuwa ya uongo, gesi ilikuwa ya kweli, walikaa nayo dakika saba, na aliyetaka kifaa cha uongo ni mimi. Taratibu akasogea akasema la kwake. Bosi mwishowe akasimama nasi.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga. Walichukua mikoba yao wakaondoka, na mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa amekaa safu ya mbele kabisa, akanifuata. Nilijua nitatukanwa, nikasubiri.

"Mimi niliisikia ile harufu," akaniambia. "Tangu mapema. Hata mwanangu aliyekaa kando yangu aliisikia, akataka tutoke. Nikamwambia tulia, ni sehemu ya hadithi."

Akaupachika mkoba wake begani.

"Nilimshika mkono ili asiondoke."

Aliondoka, na hilo ndilo ninaloamka nalo mpaka leo. Bosi na Taratibu kila mmoja alikosea kivyake, lakini yule mama hakukosea popote. Pua yake ilifanya kazi. Mimi ndiye niliyeifanya isiaminike.

Kampuni haikunitafuta tena, na sikutegemea. Taratibu aliacha kazi, sasa anakwenda na kiboksi chake mtaa kwa mtaa, anakijaribisha mchana kweupe mbele ya mtu, kinapolia kinalia, kinapochelewa anaandika daftarini. Kimoja amekifunga kwa Mama Mdogo. Mama Mdogo mwenyewe hakunigombeza. Wiki mbili hakupokea simu zangu, kisha siku moja akapiga, akaniambia yuko tayari kuigiza tena, ila safari hii skripti aisome kwanza Taratibu.

Mimi bado nasimulia hadithi, ndiyo kazi ninayoijua. Lakini kabla ya onyesho lolote nawakusanya wote, kuanzia anayefungua mlango mpaka mwenye kampuni, nawaambia: leo yeyote akiona jambo haliko sawa, asimamishe, hata kama ni katikati ya utamu, na hataulizwa.

Na wewe mwenye sauti kazini kwako au nyumbani kwako, chunga maneno unayoyatupa ukiwa na hasira. Wewe utayasahau. Kuna mtu atakwenda kuyatekeleza.

Ukiwa mahali ukasikia harufu, wasikudanganye na makofi. Inuka, utoke, na aliye karibu nawe akitaka kuinuka usimshike mkono.